Asali ya mlango wa kijani, sokoni Tabora: nimeionja, nimeiwasha kiberiti, nimeipima kaboni

Mwaka juzi nilimpelekea shemeji yangu wa Ujiji dumu la lita tano la asali ya Tabora. Nililinunua dakika za mwisho, treni imeshapiga honi, kwa kijana aliyekuwa akipitisha madumu dirishani. Shemeji alilipokea kwa mikono miwili, akaonja kijiko kimoja mbele yangu, akasema ahsante, akanyamaza. Baada ya wiki mbili akanipigia simu: "Shemeji, ile sharubati yako watoto wameipenda."

Nimefundisha kemia sekondari miaka 31. Kuambiwa kwamba nilikesha kwenye behewa nimekumbatia sharubati, tena na mtu ambaye kazi yake ni dagaa pale Kibirizi, kulinikaa kooni. Kibaya zaidi, niliipima ile asali uani kwake kabla ya kumkabidhi. Nilichovya njiti ya kiberiti, nikaifuta kidogo, nikaisugua, ikawaka. Nikajipongeza.

Hii basi ni tathmini ya kibanda ninachonunua asali tangu siku hiyo, pamoja na sababu za kukiamini. Sababu zitakuwa ndefu kuliko tathmini. Mnivumilie, ni ugonjwa wa walimu.

Kibanda kiko nyuma ya soko kuu, mlango wa kijani uliobabuka, kati ya fundi cherehani na muuza mbegu. Hakina bango. Ukiuliza "kwa mama wa asali" utaonyeshwa. Ndani kuna mapipa matatu meupe ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, na juu ya kila pipa kimebandikwa kipande cha karatasi ya gundi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: mwezi wa kurina na mahali asali ilikotoka. Siku ya kwanza nilisoma "Juni, Ipole", "Juni, Urambo" na "Wadogo".

Mama anachota kwa kata ya aluminiamu yenye mpini mrefu, anainua hadi usawa wa bega na kuiacha asali ishuke yenyewe. Ya Ipole inashuka kama kamba nyembamba, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na ikifika chini ya chupa haitawanyiki. Inajikunja duara juu ya duara, kama mtu anayekunja kamba ya kisimani, kisha lile rundo linazama taratibu na kupotea. Chupa ikijaa, anafuta mdomo wake kwa kidole cha shahada, anakilamba, anakuangalia usoni. Hapo ndipo unatoa hela. Wanaojali usafi wamwambie wenyewe, mimi nimeshindwa.

Ladha: kuna moshi kidogo, maana warina wengi wa huko bado wana mizinga ya magome na wanakwenda na mienge. Halafu utamu mzito, halafu kitu kama uchungu wa mbali nyuma ya ulimi, ambao sukari haina. Ya Urambo ni nyepesi na nyororo zaidi, lakini mimi ni mtu wa Ipole. Nililipa Sh 12,000 kwa lita. Ya nyuki wadogo ni Sh 15,000 kwa nusu lita, majimaji, yenye uchachu unaokufinya taya, na wazee wanaigombania.

Nilipomweleza mama habari za dumu la Ujiji alicheka hadi akakaa. "Mwalimu, na wewe unanunua asali dirishani?" Nikamuuliza nitajuaje kwamba yake si hivyohivyo. Akanyoosha mkono kwenye kiberiti.

Hapo ndipo nilipokataa. Kiberiti kinapima maji, basi. Asali iliyokomaa ina maji machache, karibu asilimia 18, kwa hiyo hailoweshi kile kichwa cha njiti. Sharubati ya sukari ikichemshwa ikawa nzito, nayo ina maji machache, nayo itawasha. Tulijaribu palepale, kwa ajili ya ubishi. Nilikuwa nimekuja na chupa ya mabaki ya lile dumu, shemeji alinirudishia kwa basi pamoja na salamu za kejeli. Njiti ya Ipole iliwaka. Njiti ya sharubati iliwaka vizuri zaidi. Njiti ya nyuki wadogo, asali ghali kuliko zote mle ndani, ilitoa moshi ikafa. Kwa hiyo kiberiti kilimpitisha mwongo na kumfelisha mkweli.

Vipimo vingine vya mtaani havina nafuu. Tone kwenye glasi ya maji: kitu chochote kizito kitazama. Sisimizi: eti hawagusi asali halisi. Wangu wanaigusa. Na huu wa kusema asali iliyoganda ni sukari ndio unaonikera kuliko yote, maana asali halisi huganda. Glukosi yake ikizidi uwezo wa yale maji machache kuiyeyusha, inajitenga na kuwa chengachenga. Watu wanatupa asali nzuri kwa sababu hiyo.

Kipimo kinachomkamata mwongo kipo, ila hakipo Tabora. Kinatumia jambo ambalo nilikuwa nalitaja darasani kwa dakika tano kisha nalipita: isotopu.

Atomi za kaboni hazina uzito mmoja. Kati ya kila 100, karibu 99 ni za namba 12, na moja na chembe ni ya namba 13, yenye nyutroni moja zaidi. Kikemia ni ndugu wa tumbo moja, zinaungana na vitu vilevile. Lakini nzito ni mvivu kidogo. Atomi mbili zilizoungana hazitulii kamwe. Zinatetema kama springi hata kwenye baridi kuliko zote, na yenye uzito inatetema polepole zaidi. Chukulia watu wawili wametumbukia shimo moja, mmoja amesimama juu ya jiwe, mwenzake amesimama chini kabisa. Ukingo ni uleule, lakini wa chini ana safari ndefu ya kutoka. Ile nzito ndiyo iliyo chini kabisa. Kuvunja muungano wake kunataka nguvu zaidi kidogo, kwa hiyo mmenyuko unachelewa.

Kwa hidrojeni tofauti hii si ya kutafuta kwa tochi. Hidrojeni nzito, deuteri, ina uzito mara mbili ya ile ya kawaida, na mmenyuko wa kukata muungano wa kaboni na hidrojeni unaweza kwenda polepole mara sita au saba ukiiweka deuteri mahali pake. Watengeneza dawa wameligeuza hilo kuwa mtaji: mwaka 2017 Marekani iliidhinisha deutetrabenazini, dawa ya kwanza ya aina hiyo, ambayo baadhi ya hidrojeni zake zimebadilishwa kuwa deuteri ili mwili usiivunje haraka. Kaboni 13 imeizidi 12 kwa asilimia 8 hivi tu, kwa hiyo hapa hesabu zake ni za sehemu kwa elfu. Ndogo, lakini zinapimika.

Sasa njoo kwenye jani. Mtundu, mninga na miti mingine ya miombo ambayo nyuki wa Tabora wanaitegemea hukamata hewa ya ukaa kwa kimeng'enya kinachoitwa rubisko. Rubisko ni mchaguzi. Kikipewa molekuli nyepesi na nzito, kinaielemea nyepesi, kwa tofauti inayokaribia 29 kwa elfu. Na kinaweza kuchagua kwa sababu vitundu vya chini ya jani, zile stomata mlizozichora kidato cha pili, viko wazi: hewa inaingia, kisichotakiwa kinatoka.

Muwa haufanyi hivyo. Una kimeng'enya kingine mlangoni kinachopokea kaboni kwanza bila kuchagua sana, kisha kaboni hiyo inasukumwa hadi kwenye seli za ndani zilizozunguka mishipa ya jani, na huko ndiko rubisko inakoikuta. Chumba kimefungwa. Fikiria sinia la pilau harusini: ukikaa na wenzako unachagua minofu na mifupa unawasukumia wao, ukifungiwa chumbani na bakuli lako na njaa yako, utakula vyote, na mwisho wa siku tumboni mwako kutakuwa na mfupa na mnofu kwa kiasi kilekile kilichopakuliwa. Kuchagua kunataka mabaki. Rubisko ya muwa haina pa kutupia mabaki, kwa hiyo sukari ya miwa ina kaboni nzito nyingi kuliko nekta ya mtundu. Mahindi na mtama ni wa ukoo huohuo wa muwa.

Tofauti hiyo haipotei. Ukiichemsha sukari, ukiitia rangi, ukiitia moshi, ukitumbukiza na mguu wa nyuki ili ionekane halisi, kaboni yake itaendelea kusema "mimi ni nyasi". Na sukari ya viwandani tunayoila Tanzania ni ya miwa. Mchakachuaji wetu, bila kujua, anatumia sukari inayojisema yenyewe.

Mwanafunzi wangu wa zamani anasoma Ujerumani, kwenye maabara yenye mashine ya kazi hiyo. Alipokuja likizo nilimpa vichupa vitatu vya plastiki: A ya Ipole, B ya mabaki ya Ujiji, C ya nyuki wadogo. Sikumwambia kipi ni kipi. Alivifunga kwenye soksi.

Aliniandikia baadaye jinsi ilivyokwenda, na ningetamani kidato cha nne chote kingesoma barua ile. Kwanza asali yenyewe: chembe isiyofika miligramu moja inawekwa kwenye kikombe cha bati kinachofinywa kikawa kama punje ya mtama, kinadondoshwa kwenye tanuru ya nyuzi kama 1,000 penye oksijeni, kinalipuka, na kaboni yote inakuwa hewa ya ukaa. Hewa hiyo inachajiwa umeme na kurushwa mbele ya sumaku. Molekuli nyepesi zinapinda zaidi, nzito zinapinda kidogo, na upande wa pili kuna vikombe vya kuzidaka: uzito wa 44, wa 45, wa 46. Kazi inayobaki ni kuhesabu.

Halafu protini, na hapa ndipo nilipovua kofia. Asali ina protini kidogo sana, ya tezi za nyuki na ya chavua. Unaichuja, unatia sodiamu tungsteti na asidi ya salfa, unapasha hadi nyuzi 80, na protini inakatika mapandemapande kama maziwa yaliyochacha. Unaiosha, unaikausha, unaichoma vilevile. Mtu anayeongeza sukari kwenye pipa haongezi protini. Kwa hiyo protini inakaa na kumbukumbu ya miti, na sukari inasogea kuelekea muwani. Ukiona hawa wawili wameachana kwa zaidi ya 1 kwa elfu, kuna mkono wa mtu. Msingi wa kupima asali namna hii uliwekwa Marekani na White na Doner mwaka 1978, na kulinganisha na protini kukafuata baadaye.

Majibu yalikuja kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya maji. A: asali -25.6, protini -25.4. C: asali -25.0, protini -25.1. Hawa ni mtu na ndugu yake. B: protini -25.2, asali -20.1.

Alama ya kutoa isiwatishe. Namba hizi zinasema kaboni 13 imepungua kwa elfu ngapi ukilinganisha na kipimo cha sifuri, ambacho ni kisukuku cha mnyama wa baharini kutoka Carolina Kusini, Marekani, ambaye gamba lake lina kaboni 13 nyingi kuliko karibu mimea yote. Kila anayelinganishwa naye anaonekana ana upungufu. Miti ya msituni inaangukia huku -25 kushuka chini, miwa huko karibu -11. Kanuni ya kukokotoa sukari iliyoongezwa inatumia -9.7 kwa sukari ya ukoo wa muwa, basi chukua pengo la B, 5.1, ligawanye kwa umbali wote kutoka -25.2 hadi -9.7, yaani 15.5. Unapata asilimia 33. Katika zile lita tano nilizobeba, theluthi moja ilikuwa sukari. Nilimpigia shemeji palepale. "Kwa hiyo theluthi mbili ilikuwa asali?" akasema. "Basi sikukukosea sana."

Nisiwauzie kipimo hiki kama kioo cha mganga. Sukari ikiwa chini ya asilimia 7 au hivyo, kipimo hakiwezi kusimama mahakamani. Na anayetumia sharubati ya mchele, au ya kiazi sukari cha Ulaya, anapita salama, maana hao nao ni mimea ya rubisko mchaguzi kama mtundu. Kuwakamata kunataka vipimo vingine. Nyuki wetu pia wanakwenda kwenye mashamba ya mahindi kuchukua chavua, na chavua ya mahindi inaweza kuivuta protini kidogo upande wa pili. Lakini kwa mchakachuaji wa stesheni na mfuko wake wa sukari, kinatosha na kubaki.

Kando kidogo, maana shemeji ameniomba niandike na yeye ashinde kitu. Tabia hiyohiyo ya kuacha kilicho kizito nyuma iko kwenye maji. Maji mepesi huvukizwa kwa wepesi zaidi, na Ziwa Tanganyika linapoteza maji mengi zaidi kwa jua kuliko kwa mto Lukuga unaoyatoa ziwani. Kwa hiyo yanayobaki ziwani yana oksijeni 18, yaani oksijeni nzito, na deuteri zaidi kuliko mvua iliyoyaleta. Harmon Craig wa Marekani alikuja na msafara mwaka 1973 kulichunguza ziwa hilo kwa mambo kama hayo. Shemeji anakunywa maji mazito kuliko mimi wa Tabora, na sasa anajigamba nayo gengeni. Nilimwonya asifikiri ni maji mazito yenyewe, yale ya deuteri tupu, ambayo huganda kwenye nyuzi 3.8 na ambayo barafu yake huzama kwenye maji ya kawaida.

Na hayo yana utamu! Urey, mkemia wa Marekani aliyegundua deuteri mwaka 1931 na kupata Nobel mwaka 1934, aliyaonja na mwenzake Failla wakaandika mwaka 1935 kwamba hawaoni tofauti yoyote na maji ya kawaida. Mwaka 2021 watafiti wakathibitisha kwamba binadamu huyahisi matamu, kupitia kipokezi kilekile cha ulimini kinachopokea sukari, lakini panya hawahisi. Tangu nisome hilo sitegemei ulimi wa mtu mmoja, hata uwe wa Nobel. Wa shemeji labda.

Turudi kibandani, kwa sababu nina malalamiko. Vifuniko vya chupa zake ni vya kubahatisha. Chupa yangu ya pili ilivuja ndani ya mkoba nikiwa na madaftari ya mtihani wa majaribio, na kuna kijana alirudishiwa karatasi iliyonata. Nenda na chupa yako. Ijumaa anafunga saa sita na kufungua anapojisikia. Chenji hana, hajawahi kuwa nayo. Utapewa kipande cha nta ya thamani hiyo. Na hupenda kuwaambia wateja kwamba asali ya wadogo inatibu presha, macho, uzazi na mikosi. Mama, uza asali. Nilimsikia pia akimwambia binti mwenye kichanga amlambishe mwanawe kikohozi kiishe. Nikaingilia kati, maana mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali hata iwe halisi namna gani, ina vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvizuia. Alinuna siku ile. Kesho yake nilimsikia akimkataza mwingine kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Kwa bei, ladha na ukweli wa kilichomo nampa nyota nne na nusu. Nusu imebaki kwenye madaftari.

Nilimpelekea majibu ya maabara nikiwa nimeyaandika kwenye karatasi safi. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Mwalimu, kutoa ishirini na tano? Asali yangu imepata kutoa?" Ilinichukua vikombe viwili vya chai na mfano wa sinia la pilau kumtuliza. Wiki iliyofuata nikakuta amekata kipande cha boksi, ameandika "IMEPIMWA ULAYA: -25" kwa wino uleule mzito, na kukining'iniza mlangoni. Wateja wamekuwa wengi, ila nusu yao, kabla ya salamu, wanauliza kama hilo punguzo la asilimia 25 linahusu na ya nyuki wadogo.